Maswali Yaliyobaki Mfukoni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu la shule. Najua kwamba kurasa zako ni chache, na ya kuwa habari za mpira wa miguu na za mashindano ya nyimbo zinangoja zamu yao. Lakini neno nililo nalo limengoja muda mrefu, na kama hutaweza kulichapa lote, basi tafadhali kata mwanzo wangu huu wa maneno mengi, uache yale ya katikati na ya mwisho.

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1989, na tangu mwaka 1994 nimekuwa mtunza bohari ya dawa katika hospitali moja upande wa Masaka. Sitibu watu. Kazi yangu ni kupokea masanduku, kuyahesabu, kuandika tarehe zake daftarini, kuyapanga mahali pakavu, na kuyatoa yanapotakiwa. Katika masanduku hayo mna vidonge vya malaria, mna nyuzi za kushonea vidonda, na mna kondomu, ambazo wengi huziita mipira. Na hizo nimekwisha kuzihesabu nyingi kuliko mtu yeyote aliyepata kusoma katika shule hii, walimu wake wakiwamo.

Muhula uliopita nalialikwa kuja kusema na wanafunzi wa vidato vya tano na sita juu ya kazi za hospitali. Ilikuwa Jumapili alasiri. Mwalimu mmoja mwema alikuwa ameweka sanduku la karatasi juu ya meza, ili kila mwenye swali aliandike bila jina lake. Nikatoa karatasi ya kwanza. Ilitaka kujua mshahara wa mtunza bohari. Nikaujibu, wakacheka. Ya pili iliuliza masomo yatakiwayo. Ya tatu nikaisoma kwa sauti kabla sijafikiri: "Mzee, je, ni kweli kwamba kondomu zina vitundu vidogo ambavyo virusi vya Ukimwi hupita?"

Kabla sijafungua kinywa kujibu, mwalimu mwingine aliinuka, akasema kwamba swali hilo si la mahali pale. Akalichukua sanduku, na mkutano ukafungwa kwa sala. Simlaumu sana. Yeye ndiye atakayeulizwa na wazazi, si mimi. Walakini nalikuwa nimekwisha kushika mkononi karatasi nyingine tisa, nami kwa haya nikazitia mfukoni mwa koti badala ya kuzirudisha. Nilikuja kuzisoma Jumatano usiku, nyumbani kwangu. Sita kati ya hizo tisa zilikuwa za jambo lile lile. Nimeona yafaa nizijibu hapa, kwa kuwa waandishi wake hawana majina na sina njia nyingine ya kuwafikia.

Kwanza nataka kusema na wale wasiopenda maneno haya yaandikwe katika gazeti la shule. Wasemavyo ni hivi: ukimfundisha kijana matumizi ya kondomu, umempa ruhusa. Mimi nalilala katika bweni la pili, na mlangoni pake palitundikwa ndoo nne nyekundu za mchanga kwa ajili ya moto. Kila muhula mwalimu wa zamu alitupanga mstari, akatuonyesha namna ya kuushika mchanga na kuumwaga. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyekwenda kuwasha moto kwa kuwa alikuwa amefundishwa kuuzima.

Tena sisi wa Uganda hatuna haki ya kujifanya wageni wa jambo hili. Ilikuwa mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, wilaya ya Rakai, ndipo wagonjwa wetu wa kwanza walipotambuliwa. Watu waliuita ugonjwa huo silimu, kwa sababu ya jinsi ulivyowakondesha watu. Wengine walisema ni uchawi wa wafanya biashara wa ng'ambo ya mpaka waliodhulumiwa mali yao. Magari makubwa ya mizigo yatokayo Mombasa yalikuwa yakilala Lukaya kwa safari ya kwenda Kigali, na Kiswahili hiki ninachokiandika ndicho kilichokuwa lugha ya madereva na ya wale waliowauzia chakula na malazi. Mficha maradhi kifo humfichua: katika vijiji vya kwetu kilifichua nyumba baada ya nyumba, wakabaki bibi na wajukuu.

Mwaka niliomaliza shule, 1989, mwimbaji Philly Lutaaya alirudi kutoka Sweden akatangaza mbele ya watu kwamba ana Ukimwi. Alikwenda shuleni na makanisani akisema na vijana. Hakufika kwetu, lakini tulimsikia redioni, tukiwa tumeuzunguka mlango wa mpishi, na hapana aliyecheka. Alikufa tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Mkuu wetu wa shule wa wakati huo hakutuambia neno lolote, si kabla wala si baada. Katika darasa letu tulikuwa vijana 34. Sitaandika ni wangapi waliokwisha kufa ilipofika mwaka 2000, kwa maana wana wao wengine wanasoma hapa.

Nitawapa wapinzani wangu haki yao, kwani ni kubwa. Katika miaka ile ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, kondomu zilikuwa chache sana nchini. Serikali iliwaambia watu walishe mahali pamoja, kama ng'ombe aliyefungwa kambani, yaani mtu asiende huku na huko. Rais Museveni mwenyewe, katika mkutano wa mwaka 1991 huko Florence, Italia, alieleza mashaka yake juu ya kuitegemea kondomu. Na maambukizo yalipungua: yakadiriwa kwamba mwaka 1992 watu wazima 18 hivi katika kila 100 walikuwa na virusi, na uchunguzi wa mwaka 2004 na 2005 ulikuta kama 6. Sehemu kubwa ya kupungua huko yatokana na watu kupunguza wapenzi, na nyingine, kwa huzuni, yatokana na vifo. Basi anayesema kwamba kungoja na kuwa mwaminifu ndiyo ngome ya kwanza, asema kweli, nami nasema pamoja naye. Ndugu zangu wanafunzi, ngojeni. Sheria ya nchi yetu nayo yasema hivyo kwa mtu asiyetimiza miaka 18, na yeyote amwingiliaye aliye chini ya umri huo atenda kosa kubwa, awe na mpira au asiwe nao.

Lakini uchunguzi wa mwaka 2011 ulikuta maambukizo yamepanda tena kupita asilimia 7. Ngome ya kwanza hubomoka. Aliye kidato cha sita leo atakuwa chuoni mwaka ujao, au kazini, au ameoa, na hapana mwalimu atakayemngojea mlangoni amfundishe. Atajifunza kwa rafiki yake, na rafiki yake alijifunza kwa mwingine. Nimeona matokeo ya elimu hiyo katika karatasi zile sita.

Basi nianze na ile ya vitundu. Kondomu nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira, uitwao lateksi. Kiwandani kila moja huvikwa juu ya chuma na kupitishwa umeme; penye tundu umeme hupita, nayo hutupwa. Kisha katika kila fungu la kiwandani huchukuliwa baadhi, hujazwa maji mililita 300, zikatundikwa na kuviringishwa juu ya karatasi ikaukayo, ili kuona kama lipo tone litokalo. Nyingine hujazwa hewa mpaka zipasuke, na zile za upana wa kawaida sharti zichukue lita 18 kwa uchache. Wanafunzi, lita 18 ni debe! Mimi nalifanya jaribio hilo kwa pumzi yangu wakati wa vijana wangu wa bohari kunibishia, nikachoka kabla mpira haujachoka. Na wataalamu wamejaribu kwa virusi vyenyewe: mpira mzima usio na kasoro hauvipitishi. Katika watu wa ndoa ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, waliotumia kondomu kila mara waliambukizana pungufu kwa kadiri ya asilimia 80 kuliko wasiotumia kamwe. Si 100, naam. Lakini aliyeambiwa kwamba ni chujio la chai amedanganywa.

Karatasi nyingine iliuliza kama mbili ni bora kuliko moja. Sivyo. Hatufundishi hivyo, kwa maana mpira ukisuguana na mpira huweza kuchanika au kuvuka. Moja, nzuri, iliyovaliwa sawasawa, yatosha.

Ya tatu ilikuwa na maneno haya: "Ninayo moja katika pochi yangu tangu mwaka jana, je, bado ni nzuri?" Kijana wangu, itupe. Nitakuambia kwa nini, na sitakuambia kwa kiburi, maana mimi nimeharibu nyingi kuliko wewe. Mwaka 1997 nalipokea shehena kubwa, na kwa kuwa bohari ilikuwa imejaa niliyapanga masanduku yake dhidi ya ukuta wa magharibi, chini ya paa la mabati, karibu na dirisha. Nikasema ni kwa juma moja. Yalikaa miezi minane. Daktari wetu alipofungua moja, akavuta mpira, ukakatika kama utando wa vitunguu. Tulichoma shehena yote nyuma ya hospitali, moshi mweusi ukitoka mchana kutwa, na akina mama waliopanga foleni kliniki wakatuuliza tunachoma nini. Tarehe zilizopigwa juu ya paketi zilikuwa bado na miaka mitatu. Tarehe husema kweli ikiwa tu mpira umetunzwa kama unavyotaka. Joto lisipite kadiri ya digrii 30, jua lisiupige, wala unyevu usiufikie. Pochi ya mfuko wa nyuma ina joto la mwili, ina jasho, tena yakaliwa. Sanduku la vifaa la bodaboda ni baya zaidi. Mahali pazuri ni kabatini, au katika mfuko wa shati kwa siku ile ile.

Juu ya kuchagua, watu hutazama picha ya paketi, rangi, na harufu ya ndizi. Hayo ni ya kupendeza tu. Mimi kwanza natafuta tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, ambazo zisipitane zaidi ya miaka mitano. Kisha nambari ya fungu. Kisha maandishi ISO 4074, ndiyo kanuni ya dunia nzima ya kuipima kondomu ya lateksi. Halafu naibonyeza paketi: hewa kidogo iliyomo ndani isogee chini ya kidole kama mto mdogo. Ikiwa imelala bapa, au mafuta yametoka pembeni, paketi imetoboka. Upana nao ni jambo la maana kuliko watu wadhanivyo. Nyingi zina milimita 53 zikilazwa, na ziko za 49 na za kupita 53. Ibanayo sana hupasuka, ilegeayo huvuka. Hapana aibu katika hesabu. Kuna watu ambao lateksi huwawasha na kuwatoa vipele. Wao wanunue zisizo za utomvu huo, ambazo zapatikana katika maduka ya dawa ya mjini. Na zile zilizotiwa dawa ya kuua mbegu iitwayo nonoxynol-9 si za kujikinga na Ukimwi, kwa maana dawa hiyo huchubua.

Je, zile za bure za serikali ni hafifu? Karatasi moja iliuliza hivyo, na najua swali lilikotoka. Mwaka 2004 palikuwa na kondomu za bure zilizoitwa Engabu, jina ambalo kwa Kiganda maana yake ni ngao. Watu walilalamika kwamba zanuka vibaya. Zilipopimwa, baadhi hazikufaulu, na mwezi wa Oktoba serikali ikaagiza zirudishwe kutoka nchi nzima. Mwaka uliofuata kondomu zikaadimika na bei ikapanda. Nami nilikuwa na rafu tupu na watu mlangoni, wengine wakisema, "Bora hivyo, zilikuwa sumu." Tena mwezi wa Novemba 2019 aina nyingine, safari hii ya kuuzwa, ilirudishwa baada ya mafungu yake kukutwa na matundu, zilikuwa zaidi ya milioni 4. Wengi husikia habari hizi wakasema, mwaona, mpira haufai. Mimi nasoma kinyume chake. Ngao iliyotoboka ilijulikana kwa kuwa iko mamlaka ipimayo. Sasa zile ziingiazo nchini hupimwa tena hapa kabla hazijagawanywa, za bure na za kuuzwa sawasawa. Nambari ya fungu ndiyo kinga yako: ukisikia redioni nambari inaitwa, utazame paketi yako.

Karatasi ya tano iliuliza juu ya mafuta, na mwandishi alitaja moja kwa moja mafuta ya mgando ya kujipaka. Hili ni kosa la watu wengi, hata wa umri wangu. Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, samli, losheni ya mwili: yote huila lateksi, nayo huanza kulegea katika dakika chache. Kitakiwacho ni kilainisho cha maji, ambacho kimekwisha kutiwa katika paketi nyingi, na kiko pia cha kununua peke yake.

Namna ya kuivaa haikuulizwa na mtu. Nadhani kila mmoja adhani aijua. Katika hesabu ya kuzuia mimba, wanawake 100 ambao waume zao hutumia kondomu kila mara na kwa usahihi, 2 hivi hupata mimba kwa mwaka. Lakini kwa jinsi watu watumiavyo kweli kweli, ni 13 hivi. Tofauti ya 2 na 13 haitoki kiwandani, yatoka mikononi. Fungua paketi kwa vidole, wala si kwa meno au wembe. Ivaliwe uume ukiwa umesimama, kabla miili haijakutana, wala si katikati ya mambo. Bana ncha yake ili hewa isikae, ndipo uikunjue mpaka mwisho. Ukiona haikunjuki, umeigeuza; basi hiyo itupe, uchukue nyingine, usiigeuze upande wa pili, kwa kuwa imekwisha kugusa. Baadaye ondoka mapema, ukiwa umeshika pale mwanzo wake isibaki ndani. Ifunge, uizungushie karatasi, uitie pipani au katika choo cha shimo. Choo cha kuvuta maji kitaziba, na atakayekizibua si wewe. Haifuliwi wala hairudiwi. Iko na kondomu ya kike, ambayo mwanamke huivaa mwenyewe, na nasikitika kwamba katika bohari yangu huja kwa nadra, maana wako wanawake wengi ambao wangeitaka.

Sitasema kwamba kondomu yazuia kila kitu. Kaswende, malengelenge na masundosundo yaweza kukaa pale ambapo mpira haufiki. Kwa virusi vya saratani ya mlango wa kizazi iko chanjo, ambayo wasichana wa Uganda wameanza kupewa nchini kote tangu mwaka 2015. Mwenye dada wa miaka 10 aulize kama amechanjwa. Na wako vijana wanaoniambia, "Mzee, siku hizi kuna dawa, Ukimwi si kitu." Ni kweli kwamba kuna vidonge vya kumkinga asiye na virusi, na ni kweli kwamba mwenye virusi anywaye dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane kwa kipimo hamwambukizi mwenzake. Hiyo ni neema ambayo wenzangu wa darasa hawakuipata. Lakini kidonge hicho hakizuii kisonono wala mimba, tena bohari za dawa huishiwa. Niulizeni mimi.

Sasa nageukia wenzangu, wanafunzi wa zamani, ambao husoma gazeti hili kwa kutafuta majina ya rafiki zao na matokeo ya mchezo wa kila mwaka. Tumezoea kuwasema vijana. Mimi nakaa karibu na barabara kuu, nami naona magari yanayosimama jioni karibu na lango la shule ya wasichana. Si magari ya wanafunzi. Mara moja nalikuta moja lina kibandiko cha chama chetu katika kioo cha nyuma. Yule aliye ndani yake ana miaka 45, ana mke, na ana fedha ya kununua simu. Msichana wa miaka 16 hawezi kumwambia mtu kama huyo avae mpira. Wala si haki kusema juu ya mpira hapo; pale pana neno moja tu la sheria, nami nimekwisha kulitaja. Nalisema ili tusijifiche nyuma ya kukemea watoto.

Na kwa wale walio na wake na pia na "safari za kikazi", nina jambo nilionalo kila juma. Wanaume huja dirishani kwangu kuchukua paketi kwa ajili ya safari. Karibu hapana ajaye kuchukua kwa ajili ya nyumbani, kwa kuwa kuvaa nyumbani ni kukiri. Hivyo mara ile moja ya ulevi ambayo safarini hakuvaa, huirudisha kwa mkewe. Bwana, nendeni mkapimwe wawili. Na kama umekosa safarini, basi vaa nyumbani mpaka upate majibu, umwambie mama watoto lolote utakalomwambia. Atakasirika, naye ana haki.

Nimebakiza karatasi moja. Iliandikwa kwa penseli, na penseli imebonyea. "Mzee, kama mpira ulipasuka Ijumaa usiku, mtu afanye nini?"

Sijui aliyeandika. Labda ni wa kidato cha sita aliyekuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani, labda hakuwa mwanafunzi hata kidogo, kwani siku ile walikuwapo ukumbini wapishi na mwalimu mmoja mgeni. Jibu lake ni fupi. Mtu aende siku ile ile, au asubuhi yake, katika hospitali ya serikali au kituo kikubwa cha afya, aseme mpira umepasuka. Atapimwa, kisha atapewa dawa za kunywa siku 28 ambazo huzuia virusi visishike mwilini. Dawa hizo sharti zianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ina thamani. Msichana naye aende. Viko vidonge vya kuzuia mimba ambavyo hufaa mpaka siku ya tano, lakini hufaa zaidi siku ya kwanza.

Nalikuwa nimesimama mbele yake Jumapili alasiri. Saa 72 za Ijumaa usiku zilikuwa ziishie Jumatatu usiku. Zilibaki saa 30 hivi, na karatasi ilikuwa mkononi mwangu, kisha mfukoni mwangu, na bohari yangu ilikuwa na dawa zenyewe rafu ya tatu upande wa kushoto. Mimi niliisoma Jumatano. Alhamisi asubuhi nilimpigia simu nesi wa shule; akasema hapana aliyekuja.

Ndugu uliyeandika kwa penseli, miezi mitatu sasa imepita, na kipimo cha damu sasa kitakupa jibu la hakika. Ikiwa ni zuri, utalala usingizi. Ikiwa sivyo, dawa zipo, ni za bure, na watu huzeeka nazo. Mwenzangu mmoja wa darasa anazinywa tangu mwaka 2005 na ana wajukuu wawili. Hospitali yetu hufunguliwa saa mbili asubuhi. Usipange foleni ya mbele. Pita nyuma, penye mwembe, ugonge dirisha la bohari, na sitakuuliza jina.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Zamani, 1989